Rangi nyekundu imekolea kwenye vitufe lakini imekataa kwenye mkono wa breki: kosa ni la alumini, la asidi au la maji?

#1 Mkerezaji_Katuba

Wakubwa kwa wadogo, hamjambo.

Ninakereza vipuri vidogo vya alumini hapa Katuba, Lubumbashi: vitufe vya kuzungusha vya ampli za makanisa, vizibo vya vishikio vya baiskeli, na mara nyingine mikono ya breki ambayo wenye pikipiki huniletea ili niirudishie sura. Nimeanza kuanodisha vipuri hivyo nyumbani, yaani kuvijengea tabaka la oksidi kwa umeme ndani ya asidi, kisha kuvitia rangi, kwa sababu rangi ya kupuliza huchubuka upesi mahali ambapo mkono unagusa kila siku.

Utaratibu wangu ni huu. Ninaosha kipuri kwa sabuni, ninakichovya kwa muda mfupi katika maji yenye soda kostiki, ninakisuuza, kisha ninakining'iniza katika ndoo yenye asidi mpya ya betri iliyochanganywa na maji ya bomba kwa kiasi sawa. Kipuri kinaungwa upande wa chanya wa chaja ya betri ya gari, na mabamba mawili ya risasi yanaungwa upande wa hasi. Baada ya saa moja ninakisuuza tena, ninakizamisha katika rangi ya nguo iliyopashwa moto, na mwisho ninakichemsha kwenye sufuria kwa dakika ishirini.

Vitufe vilitoka vyekundu sana, vya kupendeza. Mkono wa breki uliokuwa katika ndoo ileile, siku ileile, ulitoka wa kijivu cha majivu, una madoa meusi, na wekundu umeshika ukingoni tu. Jambo la pili ni kwamba vitufe nilivyoviweka dirishani vimeanza kupauka kuelekea waridi, na ukivifuta kwa kitambaa cheupe chenye maji, kitambaa kinachukua wekundu. Naomba wenye ujuzi wanieleze kama hayo ni matatizo mawili au ni moja.

#2 Kemia_Kasapa

Ndugu Mkerezaji, kuhusu mkono wa breki jibu langu ni fupi: huo umesubiwa, haukukerezwa kutoka kwenye mche. Alumini ya kusubu huongezewa silikoni ili itiririke vizuri ndani ya kalibu, na katika vipuri vya pikipiki kiasi hicho mara nyingi hufika karibu asilimia kumi au zaidi.

Unapopitisha umeme, oksijeni inayotokea kwenye anodi, yaani kipuri chako cha upande wa chanya, huungana na alumini yenyewe na kujenga tabaka la oksidi. Tabaka hilo limejaa vinyweleo vyembamba vilivyosimama wima na kupangana kama masega ya nyuki, na kila kimoja kina upana wa nanomita kumi hadi ishirini hivi. Rangi huingia na kukaa humo. Silikoni haigeuki kwa namna hiyo. Chembe zake hubaki zilivyo ndani ya tabaka, zinavuruga mpangilio wa vinyweleo na kulipa tabaka lote ule ukijivu unaouona. Hata ukiuacha mkono huo ndani ya rangi usiku kucha, utakuwa unatia wekundu juu ya majivu.

Tena, soda kostiki huila alumini na kuiacha silikoni, kwa hiyo kipuri cha kusubu hutoka kwenye soda kikiwa na masizi meusi. Viwandani masizi hayo huondolewa kwa mchanganyiko wenye asidi ya haidrofloriki. Mtu yeyote asithubutu kuileta asidi hiyo nyumbani, kwa sababu hupenya ngozi na inaweza kuua hata kama eneo lililoungua ni dogo.

#3 Elektrolizi_Likasi

Shukrani kwa Kemia, lakini naona amekimbilia aloi, yaani mchanganyiko wa alumini na metali nyingine, kabla ya kuuliza kipuri kilishikwa vipi. Nimefanya kazi miaka mingi katika ukumbi wa elektrolizi ya shaba, na pale ukiona bamba moja ni zuri na jirani yake ni baya, jambo la kwanza kutazama ni mahali pa mguso wa umeme.

Katika alumini jambo hili ni gumu kuliko katika shaba, kwa sababu oksidi inayojengwa haipitishi umeme. Waya ukilegea hata kidogo, asidi inaingia kati yake na kipuri, oksidi inaota pale pale penye mguso, na mkondo unakatika bila wewe kujua. Kipuri kinabaki ndani ya asidi bila umeme, na asidi inaanza kukila. Kitufe ni chepesi, kinatulia kwenye waya. Mkono wa breki ni mzito na mrefu, na mapovu huutikisa. Wekundu ulioshika ukingoni tu unanifanya nishuku kwamba tabaka lilianza kujengwa, kisha likakoma.

Niongeze kwa vijana wa miji ya migodi, Likasi na Kolwezi, wanaosoma uzi huu: msichanganye na mnachokiona kazini. Kule bidhaa ni katodi, yaani upande wa hasi, shaba inajipandisha juu yake, na seli inatosheka na volti mbili hivi. Hapa bidhaa ni anodi, hakuna metali inayokuja kutoka nje, kipuri kinajigeuza chenyewe, na volti ni kumi na mbili hadi kumi na nane kwa sababu tabaka linapinga mkondo.

#4 Mzee_Kamalondo

Wanangu, nimefurahi kuona kazi hii inafanyika Katuba. Nilikuwa katika karakana ya reli, upande wa mashine za kukereza, na huko alumini ilikuwa metali ya heshima. Waingereza ndio waliofungua njia hii viwandani mwaka 1923 kwa asidi hii hii, walipotaka kuzilinda ndege za kutua majini zisiliwe na maji ya chumvi.

Mimi nataka kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mwanangu Mkerezaji, vitufe vyako vina nyuzi za skrubu? Tabaka la oksidi halikai lote juu ya kipuri. Takriban theluthi mbili zake zinaingia ndani ya metali ya awali na theluthi moja inapanda juu. Ukijenga mikroni ishirini (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kila uso unapanda kama mikroni saba, kwa hiyo kipenyo kinaongezeka kama kumi na nne. Kwenye nyuzi za nyuzidigrii sitini, kipenyo cha katikati ya nyuzi hukua mara nne ya kile kilichopanda, yaani kama mikroni ishirini na nane. Skrubu iliyoingia kwa kubanana kabla ya anodi haitaingia baada yake, na ukiilazimisha utaipasua oksidi. Ziba matundu kwa vizibo vya mpira kabla ya kuzamisha, au kata nyuzi ukiacha nafasi.

#5 Betri_Ruashi

Shikamoo Mzee. Ninatengeneza betri, na ninataka kusema kuhusu hiyo asidi.

Asidi mpya ya betri ina uzito wa 1.28, ukilinganishwa na maji, kwenye kile kipimo cha kioo chenye boya ambacho kila fundi wa betri anacho. Hiyo ni kama asilimia 37 kwa uzito. Ukiichanganya nusu kwa nusu na maji, unabaki na asilimia ishirini na kitu, ambayo ni kali kidogo kwa kazi hii. Wanaotaka tabaka la kutia rangi hulenga asilimia 15 hadi 20, yaani kipimo kisome kati ya 1.10 na 1.14. Ongeza maji mpaka boya lisimame hapo. Na kila anayesoma akumbuke kwamba asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, polepole, huku ukikoroga. Ukimimina maji ndani ya asidi yatachemka juu juu na kukurukia usoni.

Lakini mimi siulaumu sana uwiano wake. Ninalaumu joto. Hii ni Oktoba, na ndoo ikikaa uani Lubumbashi mchana, asidi inafika nyuzi thelathini bila taabu. Kazi hii inataka nyuzi 18 hadi 22. Asidi ikivuka 25, inaliyeyusha tabaka kwa kasi zaidi huku umeme ukilijenga, na unachopata ni tabaka laini, lenye vinyweleo vilivyopanuka, ambalo ukilisugua kwa kucha linatoa unga mweupe. Tabaka la namna hiyo hulewa rangi upesi, ndiyo maana vitufe vyake vilimfurahisha, na huiachia upesi vilevile. Tumbukiza ndani ya ndoo chupa za plastiki zenye maji yaliyogandishwa, zilizofungwa vizuri, au fanya kazi alfajiri.

#6 Mkerezaji_Katuba

Nawashukuru nyote. Najibu kwa mpangilio.

Kwa Yaya Elektrolizi: ninatumia waya wa alumini, nimeuzungusha kwenye tundu la egemeo la mkono wa breki. Vitufe ninavibana kwa ndani, waya ukiwa umejikunja kama springi. Kwa Mzee wangu: vitufe vina tundu laini na skrubu ndogo ya kubana pembeni, na kweli skrubu hiyo imekuwa ngumu. Kwa Ndugu Betri: sina kipimajoto cha asidi, lakini ndoo ilikuwa kivulini chini ya mwembe.

Kuna kitu kingine nimekiona. Kitufe kimoja kina alama ya kidole gumba iliyopauka ndani ya wekundu, mistari yote ya kidole inasomeka kabisa, na haifutiki.

#7 Kemia_Kasapa

Hiyo alama ni mafuta ya ngozi. Ulikishika kitufe kwa mkono mtupu baada ya kukisuuza na kabla ya rangi, au kabla ya asidi. Dawa yake ni glovu safi za mpira kuanzia kwenye soda hadi mwisho, na jaribio la maji: kipuri kilichooshwa vizuri hufunikwa na maji kama utando mmoja, na kilicho na mafuta huyafanya maji yajikusanye matone matone.

Waya wa alumini unafaa, lakini nao unaanodika. Kabla ya kuutumia tena lazima uuvue oksidi kwa soda, la sivyo utakuwa umefunga kipuri kwa kizuizi cha umeme. Wenye uwezo hutumia vibanio vya titani. Waya wa shaba au wa chuma usiingie ndani ya asidi kabisa.

Na samahani Mzee, nina sahihisho moja kwenye #4. Mwaka 1923 ni sahihi na ndege za majini ni sahihi, lakini Bengough na Stuart walitumia asidi ya kromiki. Njia ya asidi ya salfuriki, hii tunayoijadili, ilipewa hataza mwaka 1927 kwa majina ya Gower na O'Brien.

#8 Mzee_Kamalondo

Nimekubali, mwanangu. Asidi ni ya 1927, ndege ni za 1923.

#9 MamaRangi_Kenya

Nimesoma mpaka hapa, na naona wanaume wamezungumza asidi, umeme na skrubu, lakini hakuna aliyeuliza pakiti ya rangi imeandikwa nini. Mimi ninauza na kutumia rangi za nguo kwa muda mrefu katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi.

Rangi za nguo hazifanani. Ile inayouzwa kwa wingi ni ya pamba, na maelezo yake yanakutaka utie chumvi, mara nyingine na magadi, ili rangi ishike uzi. Ikiwa Mkerezaji alifuata pakiti, basi alikichovya kipuri chake katika maji ya chumvi yenye magadi. Kemia atanisahihisha, lakini nijuavyo magadi hula hilo tabaka kabla halijazibwa, na chumvi huitoboa alumini. Rangi inayofaa ni ile ya sufu, hariri au nailoni, ambayo hushika katika maji yenye ukali kidogo, na haihitaji chumvi. Siki kidogo inatosha.

Na kuhusu kupauka, wekundu na waridi ni rangi zinazochukiwa na jua hata kwenye kitenge. Ukimwanikia mtu bazini nyekundu juani mwezi mzima, bega litapauka na pindo halitapauka. Sioni kwa nini alumini iwe na bahati kuliko nguo.

#10 Kemia_Kasapa

Mama, hakuna cha kusahihisha. Maji ya rangi yanatakiwa yawe na pH ya 5 hadi 6 hivi, nyuzi 50 hadi 60 za joto, dakika kumi hadi kumi na tano. Magadi yanapandisha pH hadi mahali ambapo oksidi ya alumini huyeyuka. Ila naomba tuwe waangalifu: rangi iliyopauka kwa jua haiachii wekundu kwenye kitambaa chenye maji. Kitambaa kinachukua rangi pale ambapo vinyweleo havikuzibwa. Hayo ni mambo mawili, na yanaweza kuwepo pamoja kwenye kitufe kimoja.

#11 Fundi_Goma

Habari za Lubumbashi. Kutoka Goma ninaongeza la kwetu, kwa sababu swali la kuziba vinyweleo limenisumbua sana katika kazi ya wamotari, yaani waendesha pikipiki.

Kuziba kwa maji ya moto kunategemea oksidi kunywa maji na kuvimba mpaka mdomo wa kinyweleo ufunge. Maelekezo ya viwandani yanataka maji yawe na nyuzi 96 hadi 100, kwa dakika mbili hadi tatu kwa kila mikroni ya tabaka. Sasa, Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi kama 95. Sufuria inaruka mapovu, wewe unaamini imefika mia, kumbe haiwezi kufika hata ukiongeza makaa. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi, kwa hiyo mnapata 96, yaani mnasimama mlangoni. Ongezeni kwamba Mkerezaji alichemsha dakika ishirini. Kama tabaka lake lina mikroni ishirini, alihitaji dakika arobaini kwa uchache, na huku juu mimi ninakwenda saa moja na zaidi.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Maji ya Ziwa Kivu yana alkali nyingi, pH yake inakaribia tisa, na yana madini mengi yaliyoyeyuka. Maji ya mvua ya mapaa yetu nayo hupita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo na kurudi na ukali wake na floridi. Silikati na fosfati hata kwa kiasi kidogo sana huzuia kuzibika. Tangu nilipoanza kutumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, kwa rangi na kwa kuchemshia, kitambaa changu kinabaki cheupe.

#12 Ibanda_Bukavu

Ndugu yangu wa Goma, hoja ya mwinuko naiheshimu, lakini naona umeibebesha mzigo mkubwa mno. Nafunga madirisha na milango ya alumini hapa Bukavu, na sisi nasi tuko kwenye mita 1,500. Nyuzi moja chini ya kiwango hupunguza kasi ya kuziba, haiiui. Ukiongeza muda, unaifidia, kama wewe mwenyewe unavyofanya. Vipuri vyenye rangi kwa kawaida viwandani havizibwi kwa maji matupu, kwa sababu maji ya moto huvuta rangi nje kabla mdomo haujafunga. Hutumiwa chumvi ya asetati ya nikeli, ambayo huanza kuziba kwa nyuzi 85 tu. Kwa hiyo hata kule kwenye usawa wa bahari, Mkerezaji angeona wekundu ndani ya sufuria yake.

Nimwambie pia kuhusu alumini. Profaili za madirisha ni aloi ya 6063, yenye magnesi na silikoni kidogo sana, na ni miongoni mwa aloi za kawaida zinazopokea rangi kwa upole zaidi. Vipande vinavyobaki vya profaili nene ndivyo vya kujifunzia. Lakini miche ya chakavu inayouzwa kwa kilo haina jina. Inaweza kuwa 6061, ambayo ni nzuri, au 2024 yenye shaba, ambayo hutoa tabaka jembamba la kimanjano na laini. Je, vitufe hivyo vinatoka kwenye mche gani?

#13 Fundi_Goma

Kaka wa Bukavu, asetati ya nikeli tutaipata wapi sisi? Ndiyo maana ninazungumza juu ya sufuria. Kuna wanaotumia sufuria ya presha, na mvuke wake unavuka nyuzi mia bila kujali mlima.

#14 Kemia_Kasapa

Mvuke ni njia halali na inatumika. Ila sufuria hiyo isirudi jikoni tena, kipuri kisiguse maji ya chini, na kifuniko kisifunguliwe kabla presha haijashuka. Kuhusu nikeli, mimi siipendekezi nyumbani hata ikipatikana: chumvi zake husababisha mzio wa ngozi, na vumbi lake linahusishwa na saratani.

#15 Kijana_Annexe

Wakubwa, mbona mnanunua asidi kwa lita sokoni kama dawa? Malori ya asidi yanapita barabara ya Likasi kila siku, na kuna watu wanaouza kwa bidoni (dumu) kwa bei ya chini sana. Asidi si asidi?

#16 Elektrolizi_Likasi

Mdogo wangu, hapana, na nitakueleza kwa urefu ili usirudie.

Kwanza, ile ya malori ni kali mno, asilimia 98. Tone lake huchoma nguo na ngozi pamoja, na bidoni la plastiki jembamba si chombo chake. Mwaka 2019 lori la asidi liligongana na magari mengine kwenye barabara ya kwenda Kolwezi, na watu walikufa kwa asidi yenyewe, si kwa mgongano tu. Pili, mara nyingi kinachouzwa kwa bidoni si asidi mpya bali ni maji ya mzunguko wa mtambo, yenye shaba, kobalti, chuma na manganizi ndani yake. Shaba ile itajipandisha kwenye katodi yako, na ukikata umeme kabla hujatoa kipuri, itajipandisha kwenye alumini yenyewe na kuitoboa. Tatu, huo ni wizi, na anayeununua anaufadhili.

Vilevile usimwage asidi kutoka kwenye betri iliyokufa. Ina risasi.

#17 Betri_Ruashi

Naunga mkono neno kwa neno.

#18 Mzee_Kamalondo

Elektrolizi ametaja kobalti, na mimi nimekumbuka. Si kweli kwamba kuna njia ya kutia rangi kwa chumvi za metali badala ya rangi za nguo? Ikiwa ni hivyo, Katanga yetu yenye kobalti isingepaswa kununua rangi kutoka kokote.

#19 Kemia_Kasapa

Ni kweli, Mzee. Baada ya kuanodisha, kipuri kinawekwa katika maji yenye chumvi ya bati, nikeli au kobalti, na unapitisha umeme wa kubadilika, si wa upande mmoja. Chembe za metali zinajipandisha chini kabisa ya vinyweleo, na rangi inatoka shaba-nyeusi, kahawia, hadi nyeusi tupu kadiri muda unavyoongezeka. Wazo lilianzia Italia miaka ya 1930 na likaenea kutoka Japani miaka ya 1960. Fremu za kahawia ambazo Ndugu Ibanda anazifunga, nyingi zimetiwa rangi hivyo, na jua haliziwezi, kwa sababu ndani yake hakuna rangi ya asili ya kaboni ya kuvunjwavunjwa na mwanga. Lakini nyekundu haipatikani humo kirahisi. Kuna pia chumvi ya chuma, oksalati ya amonia na chuma, inayotoa rangi ya dhahabu bila umeme wowote.

#20 Ibanda_Bukavu

Nathibitisha kuhusu fremu. Za kahawia zinazeeka vizuri. Zile za rangi ya kupuliza ndizo zinazotuletea wateja wenye hasira.

#21 Mama_Kampemba

Samahani kwa kuingia, mimi ni jirani wa mtu anayefanya kazi kama hii. Maji yake ya asidi anayamwaga kwenye mtaro unaopita karibu na kisima chetu. Je, mnayatupa vipi ninyi?

#22 Kemia_Kasapa

Mama, umeuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Asidi iliyochoka haimwagwi. Inapunguzwa kwa maji mengi, kisha inaongezwa chokaa au bikaboneti kidogo kidogo, kwa kuwa hutoa povu na joto, mpaka karatasi ya kupimia ukali isome kati ya 6 na 8. Alumini iliyoyeyuka itashuka kama uji mweupe, na uji huo unaachwa ukauke na kutupwa kama taka ngumu, mbali na kisima. Mwambie jirani asubuhi, akiwa na utulivu, na umpelekee chokaa ikibidi. Mwambie pia asiweke ndoo yake karibu na mbabula (jiko la makaa), kwa kuwa katodi inatoa haidrojeni, na haidrojeni inasubiri cheche tu.

#23 Mkerezaji_Katuba

Nawashukuru nyote, na Mama wa Kampemba nimemsikia. Uani kwangu kuna chokaa.

Nimefanya mliyoniagiza. Nimenunua maji yaliyokenekwa na rangi ya nailoni kwa MamaRangi, nimeteremsha kipimo cha asidi hadi 1.13, na nimeweka chupa za barafu. Nimekereza kitufe kipya kutoka kwenye mche uleule wa chakavu na kingine kutoka kwenye kipande cha profaili. Mita ya umeme ikigusa uso wa vyote viwili haipati njia, kwa hiyo tabaka lipo. Nimevichemsha saa nzima. Kisha, ili nione kama vinyweleo vimeziba, nikaweka tone la wino wa kalamu juu ya kila kimoja, nikasubiri dakika tano, nikafuta. Cha profaili kilifutika kikawa safi. Cha mche kimebaki na kivuli cha buluu.

Mkono wa breki nao nimeurudia, nikiufunga kwa waya mbili zilizobanwa kwa nguvu. Safari hii ni kijivu kilichosambaa sawasawa, hauna madoa.

#24 Elektrolizi_Likasi

Mmeona? Madoa yalikuwa mguso.

#25 Kemia_Kasapa

Na kijivu ni silikoni. Tukubali kwamba kila mmoja ameshika upande wake.

#26 Ibanda_Bukavu

Kivuli cha buluu kwenye kitufe cha mche kinanirudisha kwenye swali langu la #12. Maji ni yaleyale, joto ni lilelile, muda ni uleule, na tofauti ni alumini peke yake. Naamini mche ule una shaba.

#27 Betri_Ruashi

Si lazima, Kaka. Vilikuwa ndani ya ndoo moja, lakini je, vilipata mkondo sawa? Kitufe cha kipenyo cha sentimita tatu na kimo cha mbili kina uso wa desimita ya mraba 0.33 hivi, na kwa ampea 1.3 kwa kila desimita ya mraba kinahitaji kama ampea 0.43. Vikiungwa pamoja kwenye chaja moja, chenye mguso mzuri zaidi kinavuta zaidi. Aviingize kimoja kimoja, ampea zikiandikwa kila dakika tano, ndipo tuihukumu aloi.

#28 Fundi_Goma

Na akiwa anaandika, atie kipimajoto ndani ya ile sufuria ya kuchemshia. Nataka kujua kama Katuba inafika 96 kweli.

#29 Mkerezaji_Katuba

Kipimajoto nimekiagiza kwa binamu anayekuja kutoka mjini Jumamosi. Mche uliobaki una urefu wa kiganja, unatosha vitufe vinne, na vyote nitavifanya kimoja kimoja kama Ndugu Betri alivyosema. Kuna mtu mwenye kipande kidogo cha 2024 kinachojulikana hakika, ili nikiweke pembeni yake?